Mgeni Hujichumia Mwenyewe

Kikundi chao hakikuwa na jina wala mhuri. Walikuwa wanawake wanne tu wa mji wa Machakos, kila mmoja na kijishamba chake nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikwenda kwa mmoja wao kuona amelima nini. Kunywa chai kulikuwa nyongeza. Kazi hasa ilikuwa kuambiana ujanja: maganda ya mayai yaliyopondwa hufanya nini kwenye shina la nyanya, maji ya kuoshea vyombo yanafaa kumwagiwa mchicha mradi hayana Omo, samadi ya mbuzi ilowekwe siku ngapi kwenye pipa kabla haijageuka kuwa chakula cha mimea badala ya moto wa kuiunguza. Mwenyeji ndiye aliyekuwa wa mwisho kusema, na alitakiwa ataje jambo moja ambalo amelijaribu kwa mikono yake akaona limefaa. Hawakutaka la kusikia redioni.

Halafu kulikuwa na sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyoleta maafa. Mgeni alipoondoka alijichumia mboga mwenyewe. Mwenyeji hakumchagulia. Mgeni aliingia shambani, akatazama, akachuma fungu moja pale macho yake yalipompeleka, na jioni ile ile akaipika mboga hiyo, ili mwezi ujao aje aseme ilikuwa na ladha gani. Mwenyeji aliyesema chuma hapa, usichume pale, alikuwa amejivunjia heshima. Mwanamke mmoja aliyekuwa wa tano aliwahi kuwaomba wasiguse spinachi zake. Kuanzia siku hiyo waliitwa wote kwa majina yao isipokuwa yeye, aliyeitwa Mama Usiguse, na baada ya miezi miwili alihamishia urafiki wake kwingine.

Kavutha alimkumbuka sana Mama Usiguse mwaka ule wa tisini na nane. Mvua za Elinino zilikuwa zimeondoka zikiacha udongo mzuri, kisha jua likashuka, na pamoja na jua wakaja vidukari. Ni wadudu wadogo wa kijivu, kama unga wa wimbi uliomwagika, nao hujipanga chini ya jani la sukuma wiki hadi jani linajikunja na kunata. Kavutha alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili. Watoto wake wawili walikuwa Nairobi na walimtumia salamu wakikumbuka. Akikosa zile Jumamosi za wenzake, hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza ameamkaje. Na zamu zake mbili zilizopita zilimwaibisha. Ya kwanza, mbuzi wa jirani wa juu waliingia usiku wa kuamkia siku yenyewe wakala kila kitu. Ya pili, vidukari. Wageni walichuma majani matatu matatu kwa huruma, wakayasifu kwa sauti kubwa, na walipokwenda Kavutha aliingia chooni akalia, kwa sababu choo ndicho kilichokuwa na mlango unaofungika vizuri.

Hii ya tatu ilikuwa lazima ifaulu. Na Jumatano, siku tatu kabla ya wageni, alifunua majani ya tuta lake kubwa la sukuma akawakuta wamerudi.

Majivu alimwaga, hayakusaidia. Sabuni ya kipande na pilipili alinyunyiza, wakaoga wakapendeza. Hapo ndipo alipokata tamaa, akapanda gari la Kangundo kwa shemeji yake Erastus, aliyekuwa na miti mia mbili ya kahawa na stoo yenye harufu kali. Erastus alimpa dawa ya kahawa iliyobaki, kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Akamweleza vizuri, maana hakuwa mtu mbaya: kifuniko kimoja cha soda kwa debe zima la maji, na baada ya hapo mboga isiguswe siku kumi na nne. Alizirudia mara mbili hizo siku kumi na nne. Kavutha aliitikia mara mbili.

Alifika nyumbani akapima kwa jicho. Jicho la mtu mwenye hofu halipimi vizuri. Alimwaga robo ya chupa kwenye kopo la kunyunyizia na akalowesha tuta zima Alhamisi asubuhi. Ijumaa alipofunua majani, vidukari walikuwa bado wamejipanga pale pale, akadhani dawa imeshindwa, akamwaga robo nyingine. Mtu yeyote katika kikundi chao angemwambia kwamba kidukari akifa haanguki. Hubaki amegandama kwenye jani kama alivyokuwa hai, hadi umsugue kwa kidole. Lakini kumwuliza mtu kungekuwa kukiri kwamba ametumia sumu, na wao walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba sumu ibaki kwa wenye mashamba makubwa. Aliwasugua mwenyewe Ijumaa jioni, jani kwa jani, kwa kitambaa. Tuta liling'aa.

Mpango wake ulikuwa rahisi, au alijiambia ni rahisi. Mbele ya nyumba alikuwa na mchicha na kunde ambazo hazikuguswa na dawa. Alizimwagilia, akazipalilia, akaweka viti vya chai karibu nazo. Wageni wangechuma pale. Sukuma zilikuwa za kuangaliwa tu.

Jumamosi saa nane wakaja wote watatu. Wa kwanza alikuwa Mwongeli, jirani wa ubavuni aliyepita kwenye mwanya wa ua kama kawaida yake, mke wa Levi mwenye bucha, mnene, mcheshi, mtu ambaye hata ugomvi alikuwa akiugawa kwa mkono mkunjufu. Akafuata Habiba wa nyuma ya msikiti, muuza mandazi, ambaye baba yake alitoka pwani na ambaye alipanda mchaichai na mrehani hata pembezoni mwa karo la kuoshea vyombo. Wa mwisho, akihema, Mzee Katunge. Walimwita hivyo kwa mzaha na heshima, mwanamke wa miaka sabini aliyetembea kutoka mteremko wa Iveti na aliyekuwa akilea wajukuu wawili wasio na mama.

Walizunguka shamba. Habiba alieleza jinsi alivyotoboa kizibo cha chupa ya plastiki, akaifukia kichwa chini kando ya mche, ikadondosha maji siku tatu. Mwongeli alileta habari za damu ya buchani iliyochanganywa na maji, akawachekesha kwa kueleza alivyofukuzana na mbwa wa mtaa mzima. Katunge alisema yeye mwaka huu hana jipya, amechoka, amepanda tu pale alipopanda mama yake. Kisha wakafika kwenye tuta la sukuma wakasimama.

Kweli zilikuwa nzuri. Hata mimi ninayesimulia sina budi kusema hivyo. Majani mapana, ya kijani kibichi kinachokaribia bluu, bila tobo hata moja. Mwongeli alipiga makofi. Wakamwuliza amefanya nini, na Kavutha, zamu yake ya kusema ikiwa imefika, akajibu kwamba ni majivu, sabuni ya kipande na pilipili, asubuhi na mapema kabla ya jua. Aliona macho yao yakimpenda. Ulikuwa muda mrefu tangu macho ya mtu yampende.

Chai ikanywewa pale penye mchicha na kunde. Saa kumi Mwongeli alisimama, akajifunga leso kiunoni, na badala ya kuinama pale alipokaa akaelekea moja kwa moja nyuma ya nyumba. Wengine wakamfuata. Kavutha alikwenda nyuma yao na maneno yote tayari mdomoni. Msichume hapo. Maneno matatu hayafiki. Akamwona Mama Usiguse mbele yake kama vile anamngoja wakae pamoja, akayameza maneno yake. Wakachuma. Wakavunja majani ya chini yaliyoanza kuwa manjano wakamtupia kuku, wakafunga mafungu yao kwa nyuzi za mgomba, wakashukuru, wakaondoka.

Kavutha alikusanya vikombe. Alijiambia kwamba wataziosha. Alijiambia kwamba moto unaua kila kitu, kwamba Erastus ni mtu wa kutia chumvi, kwamba watu wangapi mjini hapa wanakula mboga za sokoni zilizonyunyizwa jana yake na bado wanatembea. Alikuwa ameshaosha kikombe cha tatu alipomwona kuku wake.

Kuku alikuwa akitembea kama aliyelewa pombe. Alikwenda hatua mbili, akakaa, akanyoosha shingo chini, na mdomoni alikuwa akitoa povu jembamba. Mabawa yakatetemeka. Kavutha alimshika mikononi, akamhisi akitikisika, halafu akahisi ametulia. Ilikuwa saa kumi na nusu. Kwa Habiba mboga ilibandikwa saa kumi na moja, hilo alilijua. Kwa Katunge wajukuu walikula mapema wakalala mapema. Na Mwongeli hakuwa na saa, alipika alipojisikia.

Alimtupa kuku chooni. Alitazama lile tuta, akafikiri aling'oe lote sasa hivi, akajiambia hana muda, ataling'oa kesho. Ukweli ni kwamba lilikuwa zuri na mkono wake haukutaka. Akapita kwenye mwanya wa ua na roho mkononi.

Fungu la Mwongeli lilikuwa bado juu ya meza, halijafunguliwa. Pale pale, ukweli ulikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Mwongeli angekasirika, angepiga kelele, halafu angemwita Levi na pikapu yake, wangefika kwa Habiba na kwa Katunge kabla sufuria haijapata moto. Lakini Mwongeli alikuwa anamtazama kwa yale macho ya mchana, na Kavutha hakuweza kuyazima.

"Mwongeli, nisamehe," alisema. "Niko na wageni. Shemeji zangu wa Kithimani, watu sita, wanashuka stendi saa hii. Na sukuma mmenichumia zote, zimebaki changa. Si unipatie hizo, nitakurudishia wiki ijayo?"

Mwongeli alicheka, akamwekea fungu mikononi bila swali. Alimwambia kwamba angesema mapema wasingemmalizia mboga, na watu sita si mchezo. Aliuliza kama ana nyama. Kavutha hakungoja kujibu. Alikuwa ameshatoka, akalitupa lile fungu kwenye shimo lilelile la kuku, akaingia barabarani akikaza mwendo.

Kwa Habiba alisikia kabla hajafika. Kitunguu kilikuwa kinalia kwenye mafuta. Aliingia bila hodi, akamkuta Habiba ameshakata sukuma zote, amezitia sufuriani, ameshika mwiko. Bwana yake, Mahmud, alikuwa kibarazani akikarabati redio. Hakuna mgeni wa Kithimani angeweza kuiokoa sufuria iliyokwisha kubandikwa. Kavutha alisimama mlangoni akihema, na uongo wa pili ukamjia mzuri kuliko wa kwanza, hadi yeye mwenyewe akauogopa.

"Usile hizo, Habiba. Asubuhi nilimkuta mbwa amekojolea lile tuta, nikasahau kabisa kuwaambia. Nimekumbuka sasa hivi."

Habiba alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto. Akaishika sufuria kwa kitambaa, akaipeleka nje, akaimwaga mboga yote kwenye shimo la taka na kuifukia kwa mguu. Kisha akaanza kuiosha. Aliiosha mara moja kwa udongo, na mara sita kwa maji, akihesabu kwa sauti ya chini kama alivyofundishwa utotoni, na mwiko pia, na kisu, na ubao. Kavutha alisimama pale akitazama maji yale yote yakimwagika katika msimu ambao bomba lilitoa maji siku mbili kwa wiki. Alitaka kuondoka, akaona si heshima kuondoka mtu akijisafisha kwa ajili ya uchafu aliomzulia.

Alipomaliza, Habiba alikausha mikono, akamshika bega.

"Mungu akulipe, dada," alimwambia. "Mwingine angenyamaza tu. Angesema hawa watu wa msikitini watajuaje."

Kavutha aliitikia amina. Neno lile alilibeba mteremko wote wa Iveti. Jua lilikuwa linaegemea mlimani. Alikuwa amevaa kandambili, moja ikakatika ukanda, akaivua, akavua na ya pili. Alipanda akikimbia pale palipokimbilika na akitambaa pale palipobaki mawe, na njia nzima aliona watoto wawili wamekaa mbele ya sahani. Aliomba. Aliahidi vitu. Aliahidi kwamba akiwakuta hawajala atasema kila kitu, kwa kila mtu, kesho asubuhi.

Alimkuta Katunge njiani, mita chache kutoka nyumbani kwake, amekaa juu ya jiwe akipumzisha miguu. Miguu mibovu ya mama mzee yule ndiyo iliyookoa nyumba yake. Fungu la sukuma lilikuwa mapajani, limeanza kunyauka.

Kavutha alikaa chini vumbini. Alihema, na Katunge alimngoja. Pumzi iliporudi, ahadi zilikuwa zimeshaondoka nayo. Alirudia hadithi ya wageni wa Kithimani.

"Umepanda mlima huu wote bila viatu kwa ajili ya fungu moja la sukuma," Katunge alisema. Hakuwa anauliza. Alinusa yale majani, akakunja uso. "Kavutha, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna, mwaitu, mama yangu. Ni wageni tu."

Katunge alimpa fungu. Alisema si neno, zilikuwa zake. Alisema pia, bila lawama, kwamba hana mboga nyingine nyumbani, watoto watakula ugali na chumvi, wameshazoea. Kavutha aliahidi kumletea maharagwe kesho, kilo mbili, tatu. Aligeuka kabla machozi hayajaonekana.

Lakini nitasema jinsi ilivyokuwa, hata kama si vizuri. Alipokuwa akishuka, machozi yalikauka, na kufika chini alikuwa mwepesi. Mafungu yote matatu yalikuwa hayapo tena. La Katunge alilitumbukiza kwenye choo cha soko. Hakuna aliyekula, hakuna aliyejua. Aibu ilikuwa imepita karibu naye ikamkosa. Alianza hata kufikiri atasema nini mwezi ujao wakimwuliza habari za shemeji zake, wamefurahi, wamekaa siku ngapi, wamebeba nini. Alipofika kwenye kona ya nyumba yake alikuwa ameshawapa majina wawili kati yao.

Taa ya chemni ilikuwa inawaka dirishani kwake. Yeye hakuwa ameiwasha.

Mlango ulikuwa wazi. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha Mwongeli cha Krismasi, chenye maua mekundu, na juu yake sahani saba, nyingine zake, nyingine za Mwongeli. Ugali ulikuwa umefunikwa kwa ungo. Pembeni sufuria kubwa, ile ya harusi, imejaa hadi juu nyama ya ng'ombe iliyokaangwa pamoja na sukuma wiki changa, zile za katikati ya mche, laini, zilizomeza dawa nyingi kuliko zote. Mwongeli alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, leso mabegani, jasho likimtiririka.

"Umechelewa hivi?" alisema kwa furaha. "Wako wapi? Mimi nilisema sitakuacha uaibike na watu wa bwana yako. Levi amekata kilo mbili. Nikaingia kwa shamba lako nikachuma hizo changa zote, usikasirike, zitaota tena."

Kavutha alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza nani amekula.

Mwongeli alisema hakuna aliyekula, watoto amewaambia wageni kwanza. Yeye tu ndiye alionja chumvi. Tena njaa ilimshika akingoja, akajitilia kidogo na ugali, sahani moja, ndogo. Akajifuta mdomo kwa leso. "Tumbo lakini linanikata. Na mate, sijui ni nini, yananijaa tu."

Alijifuta tena. Mate yaliendelea kushuka. Katika mwanga wa taa Kavutha aliona mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama punje za mtama, na mkono ulioshika leso ukirukaruka wenyewe, kama bawa.

Hapo ndipo alipoyasema. Aliyasema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, katika chumba kimoja, kwa mtu aliyekuwa hatua mbili mbele yake.

"Ni sumu, Mwongeli. Ni dawa ya kahawa. Nilinyunyiza juzi na jana. Hakuna wageni. Nilidanganya."

Mwongeli alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya nchi nyingine. Kisha akainama akatapika kwenye kizingiti.

Mengine yalikwenda haraka. Kavutha alipita kwenye ua akipiga mayowe, Levi akatoka na aproni yake ya bucha, pikapu ikakataa kuwaka, ikasukumwa, ikawaka. Kavutha alirudi mbio ndani kutafuta ile chupa ya soda, akaipata nyuma ya pipa la samadi, akapanda nayo nyuma ya gari, kichwa cha Mwongeli mapajani mwake. Hospitalini, mbele ya benchi lililojaa watu, daktari kijana aliuliza mgonjwa amekula nini. Levi alisema sukuma. Daktari alisema sukuma haimfanyi mtu hivi. Ikabidi Kavutha aeleze, kiasi gani, lini, mara ngapi, na kila alipopunguza sauti daktari alimwambia aseme vizuri, asikie. Akaeleza vizuri. Benchi zima likasikia. Daktari alinusa chupa, akaitikia kwa kichwa, akaagiza sindano, na alipokuwa akiondoka alisema kwamba wangechelewa nusu saa wasingekuwa na la kuagiza.

Usiku ule na siku mbili zilizofuata Mwongeli alikuwa anaitwa na haitiki. Levi hakumtukana Kavutha. Alihamisha tu kiti chake upande wa pili wa kitanda, na akiingia Kavutha, yeye alitoka. Habiba alikuja Jumatatu na uji kwenye chupa ya chai. Alikuwa ameshasikia, mji mzima ulikuwa umeshasikia. Alimnywesha mgonjwa vijiko vichache, akafunga chupa yake, akapita mbele ya Kavutha akiangalia mlango. Katunge hakuja. Kilo tatu za maharagwe alizopelekewa zilikutwa asubuhi ya pili kwenye kizingiti cha Kavutha, mfuko haujafunguliwa.

Jumanne mchana Mwongeli alifumbua macho, na safari hii macho yalikuwa yake. Aliomba maji. Kavutha alimwinua kichwa akamnywesha. Alikuwa amejiandaa kwa siku tatu. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kufukuzwa, kwa polisi, kwa kuitwa jina lolote ambalo mtaa ungemchagulia. Alipiga magoti kando ya kitanda akaanza kuomba msamaha kwa sumu, akieleza vidukari, na Erastus, na kupima kwa jicho.

Mwongeli alimsikiliza kidogo, kisha akatikisa kichwa kidogo kwenye mto. Si hayo aliyotaka kujua. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakikumbuki, na kilipomjia, uso wake ukabadilika.

"Sahani saba," alisema. "Nilikaa pale nikiwapangia sahani. Nikasema huyu wa kichwa cha meza atakuwa ni mkubwa wao, nimpe ile yenye maua. Nikaenda mara tatu barabarani kuangalia kama mnakuja."

Kavutha alikichukua kikombe cha maji kilichokuwa sakafuni.

"Kwa hivyo hawakuwako?"

"Hawakuwako."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mwongeli."

Mwongeli akavuta blanketi hadi begani, polepole, kwa sababu mikono ilikuwa bado dhaifu, na Kavutha alipoinuka kumsaidia alimzuia kwa kiganja. Akageukia ukutani. Kavutha alibaki amesimama na kikombe cha maji mkononi hadi mwuguzi alipokuja kumwambia kwamba saa ya wageni imekwisha.